NI NANI ALIYEINGIA KATIKA BANDA LA KUKU?

Mwenye kuku afunguapo mlango wa banda asubuhi, akakuta manyoya yametapakaa na kuku wake wamelala wafu, mara nyingi jambo la kwanza alifanyalo ni kushika ufagio. La pili ni kumtaja mwenye hatia. Mmoja atasema ni mbwa wa jirani, mwingine atasema ni nguchiro, na wa tatu ataapa kwamba ni watu. Ifikapo saa nne banda limekwisha fagiwa, mizoga imetupwa shimoni, na kila alama ambayo ingaliweza kuonyesha ukweli imepotea. Usiku wa pili au wa tatu mnyama yule yule hurudi kwa njia ile ile, maana hakuna aliyeiziba.

Hasara hiyo si ndogo. Katika nyumba nyingi za Kenya kuku ni akiba ya mama wa nyumba: huuzwa ili kununua madaftari ya watoto, kulipa nauli ya kwenda hospitali, na huchinjwa mgeni wa heshima ajapo. Hata mjini, nyuma ya nyumba za Nakuru, Kisumu na Nairobi, wako watu wengi wanaofuga kuku kumi au ishirini kwa ajili ya mayai. Kuku hao wakifa usiku mmoja, miezi mingi ya kazi imekwisha pamoja nao.

Lakini yafaa ijulikane kwamba kila mnyama alaye kuku ana mlango wake, saa yake, na namna yake ya kuua. Kizuizi kimfaacho mmoja hakimzuii mwingine. Mtu ajengaye msingi wa mawe ili kumzuia nyegere, hali mwizi wake ni kanu apitaye darini, ametumia fedha na jasho bure. Ndiyo sababu saa moja ya kuchunguza, kabla ya ufagio kushikwa, huokoa zaidi ya fedha za seng'enge ya gunia zima.

KWANZA AHESABU

Mwenye kuku ahesabu wangapi wameuawa na kuachwa, wangapi wameliwa sehemu tu, na wangapi hawaonekani kabisa. Hesabu hii peke yake huwaachilia nusu ya washtakiwa. Kisha akumbuke saa. Je, kuku walipotea mchana wakila uwanjani, au usiku wakiwa wamefungiwa? Mwewe, kipanga, kenge, kunguru, na yule nguchiro mdogo mwembamba mwenye ncha nyeusi ya mkia, hawa wote ni wezi wa mchana. Kanu, fungo, nyegere, kicheche, na nguchiro mkubwa mwenye mkia mweupe hutembea usiku. Mbwa hana saa.

Baada ya hayo atazame mahali mwizi alipopitia. Udongo uliochimbwa chini ya ukuta, mbao zilizong'olewa, seng'enge iliyochanwa, au ufa mwembamba kati ya ukuta na mabati ya paa: kila kimoja kina mwenyewe. Kanu, mnyama mwembamba mwenye madoa na mkia mrefu wenye pete nyeusi, ana uzito wa kilo mbili hivi tu, na apanda miti na nguzo kwa wepesi kuliko paka. Palipopita kichwa chake, mwili wake nao hupita. Watu wengi wakaao mijini hawajui kwamba mnyama huyu ni jirani yao. Hulala mchana juu ya dari au katika mti wenye majani mengi, na usiku hutembea juu ya kuta na mapaa. Banda likiwa zima chini, bila shimo wala ubao uliolegea, na kuku wameuawa ndani, macho na yainuliwe juu.

MZOGA UCHUNWE

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba kuku aliyeuawa hasemi yote mpaka achunwe. Manyoya huficha majeraha. Ngozi ikichunwa polepole kwa kisu, alama za meno huonekana kama vitundu, na mahali palipoumwa damu huwa imevilia chini ya ngozi, nyekundu au nyeusi. Damu huvilia hivyo pale tu ambapo kuku aliumwa akali hai. Vitundu visivyo na damu iliyovilia ni kazi ya mnyama aliyekuja baadaye kula mzoga, naye si muuaji. Achunaye na avae mifuko ya nailoni mikononi, wala nyama hiyo isiliwe na mtu.

Kanu huuma kichwa na shingo, na mara nyingi hula kichwa, shingo na kifua, akaacha sehemu nyingine. Vitundu vya meno yake ni vidogo na vimekaribiana. Mbwa ni kinyume chake. Yeye hushika popote: mgongo, paja, bawa, huchanachana na kutikisa, kisha humwacha kuku na kumkimbilia mwingine. Mizoga huonekana imetapakaa mpaka nje ya uwanja, imelowa mate, na karibu haikuliwa kabisa. Mlango umesukumwa kwa nguvu au seng'enge imepindwa.

Hapa yafaa neno moja zaidi juu ya mbwa, kwa sababu magomvi ya kuku na mbwa huletwa mara kwa mara mbele ya machifu na wazee wa mtaa, na majirani wa miaka mingi huacha kusalimiana kwa ajili yake. Mbwa hulaumiwa kuliko anavyostahili kwa kuwa yeye ndiye aonekanaye. Akikutwa alfajiri na kuku kinywani, watu husema ushahidi umetimia. Lakini yawezekana kabisa kwamba kanu aliua saa saba za usiku, na mbwa akaokota tu kilichobaki. Mwenye kuku amchune kuku yule kabla ya kwenda kushtaki. Akiona vitundu vidogo shingoni vyenye damu iliyovilia, na vitundu vikubwa mgongoni visivyo na damu, basi mbwa ni mla makombo, na mwenye mbwa hana deni la kulipa.

KWA NINI HUUA WENGI?

Wakati mwingine banda zima hufa, kuku kumi na tano au ishirini, na labda mmoja tu ameliwa. Watu husema ni ushetani, au kwamba kuna mtu aliyetuma kitu. Mara nyingi katika mauaji ya namna hiyo aliyeingia ni nyegere, mnyama mwenye mgongo wa kijivu au mweupe na tumbo jeusi, ajulikanaye sana na warina asali kwa uharibifu wake katika mizinga. Nyegere ana nguvu zisizolingana na umbo lake. Huchimba chini ya ukuta, hung'oa ubao, huchana seng'enge nyembamba kama mtu achanaye gunia. Nyayo zake zina vidole vitano, na alama za kucha ndefu za miguu ya mbele huonekana mbali kidogo mbele ya vidole. Huacha harufu kali vilevile. Mwenzake mdogo, kicheche, mwenye milia myeusi na myeupe, naye huchimba na kunuka, na harufu yake hudumu bandani kwa muda mrefu. Lakini yeye hana nguvu za kuvunja mbao.

Sababu ya mauaji hayo si ushetani. Porini mnyama akikamata ndege mmoja, wengine huruka wakaenda zao, na kazi imekwisha. Bandani hawana pa kwenda. Hupigapiga mabawa na kupiga kelele mbele ya macho yake, na silika yake ya kukamata haitulii mpaka kila kitu mbele yake kimetulia. Kanu, mbwa na hata nguchiro hufanya vivyo hivyo mahali palipobana. Kwa hiyo wingi wa mizoga hautoshi kumtaja mwizi. Wanaomtaja ni mlango aliopitia na meno yake.

WASIOACHA DAMU

Huenda mwenye kuku asikute mzoga wala tone la damu, bali upungufu tu. Manyoya machache yaliyofuatana kuelekea vichakani ni njia ya mbweha au mondo, wachukuao mawindo yao na kwenda kula mbali. Mondo ni paka wa porini mwenye miguu mirefu na masikio makubwa, awezaye kuruka juu sana. Nyayo zake ni za paka, hazina alama za kucha, ila ni kubwa kuliko za paka wa nyumbani. Mbweha huacha nyayo za vidole vinne zenye kucha, kama mbwa mdogo.

Ikiwa hakuna hata unyoya, na banda limefungwa, mtu atazame kwa uangalifu ndani ya viota na nyuma ya masanduku kabla ya kutia mkono. Chatu humeza kuku mzima. Baada ya kumeza hunenepa tumboni hata asiweze kupita tena katika tundu aliloingilia, na mara nyingine mwizi hukutwa amelala pale pale. Wakati huo ni bora kufunga mlango na kuwaita watu wa Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS) kuliko kumwingilia kwa panga. Swila na fira pia hupenda mayai na vifaranga, na swila hutema sumu kuelekea macho ya mtu. Sumu ikiingia machoni, yaoshwe mara moja kwa maji mengi safi, kisha mtu apelekwe hospitali.

Na kama kufuli imevunjwa, kuku wameondoka wote kimya, au wamechaguliwa jogoo na mitetea minono tu, basi mwizi huyo ana miguu miwili, na habari zake hupelekwa polisi.

Kuku wapoteao mchana ni shauri la juu zaidi kuliko la chini. Mwewe huchukua kifaranga kimoja kimoja na kwenda nacho. Uwanja hubaki safi. Kipanga mweusi mwenye kifua cheupe, ambaye hujenga kiota chake katika mikalitusi mirefu hata ndani ya mitaa ya Nairobi, aweza kumwua kuku mkubwa kiasi. Kwa kuwa hawezi kumchukua, humnyonyoa pale pale na kula kifua. Manyoya ya kazi yake yametoka mazima pamoja na mashina yao, yamelala duara. Lakini mnyama mwenye meno huyakata manyoya, mashina yakavunjika, nayo mara nyingi yamegandamana kwa mate. Huko Mombasa na pwani mwizi wa vifaranga aliye mashuhuri ni kunguru wa Bara Hindi, ambaye aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 na baadaye akaenea bara. Hao huja kwa kundi: mmoja humchokoza mama, na mwingine huchukua mtoto.

Bundi, ambaye watu wengi humchukia kwa sababu nyingine, katika shauri hili aghalabu hana hatia. Bundi mwenye uso mweupe akaaye darini hula panya, na panya ni mla vifaranga. Mwenye kumwua bundi huyo amewasaidia wezi.

MAYAI, SIAFU, NA KIDERI

Mayai nayo yana ushahidi wake. Nguchiro hulivunja yai kwa kulitupa juu ya jiwe au kwa kuling'ata upande mmoja, na maganda huachwa karibu na kiota. Kenge humeza yai zima, na katika vumbi huacha mfuo wa mkia kati ya nyayo zake. Watu wakaao karibu na mito na mabwawa humjua vema. Yuko pia nyoka mdogo asiye na sumu ambaye chakula chake ni mayai tu. Hulimeza yai, hulivunja kooni kwa miiba ya uti wa mgongo wake, hunywa kilichomo, kisha hulitema ganda likiwa limekunjamana kama karatasi. Akutaye ganda la namna hiyo na aondoe hofu. Lakini ute wa yai ukiwa umekauka juu ya mdomo wa kuku mwenyewe, mwizi yumo katika kundi.

Siafu hawahitaji tundu. Wakipita usiku katika banda lililofungwa, kuku anayeatamia na vifaranga vyake hawana pa kukimbilia, na asubuhi hubaki mifupa na manyoya. Mwenye kuku akisikia kelele usiku na kuona mstari mweusi ukipanda ukutani, dawa ya kwanza ni kufungua mlango na kuwaacha kuku watoke. Banda lililoinuliwa juu ya miguu lakingika kwa urahisi: kila mguu husimamishwa katika kopo lenye maji na mafuta machafu ya gari.

Mwisho katika hesabu hii ni adui asiye na meno. Kuku wengi wakifa kwa siku moja au mbili, hawana jeraha, wengine shingo zimepinda na choo chao ni cha kijani, huo ni ugonjwa wa kideri, na mnyama aliyeuma mizoga alikuja baadaye tu. Seng'enge haizuii kideri. Huzuiwa kwa chanjo, ambayo hutiwa kama tone moja katika jicho la kuku, na afisa wa mifugo ataeleza siku zake. Mizoga izikwe chini sana au ichomwe, isitupwe kichakani.

SUMU HAICHAGUI

Wako wafugaji ambao, kwa uchungu wa hasara, hupaka sumu ya shambani juu ya nyama na kuiweka nyuma ya banda. Kanu huenda asiiguse, maana apenda mawindo yaliyo hai. Lakini mbwa wa mtaa ataila, na paka, na kuku wenyewe watadonoa, na mtoto achezaye hapo hajui kusoma hatari. Tena mnyama aliyekufa kwa sumu huliwa na tumbusi, nao hufa. Sumu ni sababu kubwa ya kupungua kwa tumbusi katika Afrika. Mwaka wa 2009, baada ya televisheni moja ya Marekani kuonyesha jinsi simba wa Kenya walivyouawa kwa dawa ya wadudu iitwayo Furadan, kampuni ya FMC iliyoitengeneza iliirudisha kwa kuinunua tena kutoka madukani. Hata hivyo dawa nyingine za namna hiyo hazikosekani, na mkono utiao sumu nyuma ya banda ni ule ule uletao chakula nyumbani.

Mnyama wa porini ajaye karibu na watu mchana bila woga, hasa mbweha au nguchiro, asiguswe kabisa; yawezekana ana kichaa cha mbwa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo. Na wale wakaao karibu na mbuga, kwa mfano Karen na Lang'ata kando ya Hifadhi ya Nairobi, wakiona nyayo za paka zilizo pana karibu kama kiganja cha mtu, wasifuate. Huyo ni chui, naye ni shauri la KWS.

MAJIVU YA JIKONI

Alama zikiwa zimekwisha haribika, bado iko njia. Majivu ya jikoni yachekechwe, yanyunyizwe jioni kuzunguka banda kwa upana wa hatua moja, na mengine kidogo juu ya ubao chini ya paa. Asubuhi, kabla ya watoto kuamka, nyayo husomwa. Vidole vinne bila kucha ni jamii ya paka. Vinne vyenye kucha ni mbwa au mbweha. Vitano vyenye kucha ndefu ni nyegere. Nyayo ndogo kama za paka mchanga juu ya ubao wa darini ni za kanu.

Mwizi akiisha kujulikana, kazi ya fundi ni fupi. Kwa kanu, ufa wote chini ya paa uzibwe kwa waya yenye matundu ya nusu inchi, maana ile seng'enge ya kuku yenye matundu makubwa huwazuia kuku kutoka, haiwazuii wezi kuingia. Nguzo zizungushiwe bati laini ili kucha zisishike, na matawi yaliyoinama juu ya paa yakatwe. Kwa wachimbaji, waya ngumu ifukiwe sentimita 30 kwenda chini, kisha ikunjwe kuelekea nje sentimita 30 nyingine. Mnyama huanza kuchimba kando ya ukuta, akikuta waya hajui kurudi nyuma hatua moja. Kwa mwewe, vifaranga vikae chini ya tenga mpaka vimee manyoya. Wengine huvipaka rangi, na huenda ikasaidia, lakini tenga ni hakika zaidi. Komeo liwe la kugeuza na kupachika msumari, kwa sababu mlango wa kusukumwa tu si kitu kwa mbwa wala nyegere.

Baada ya kuziba, majivu yanyunyizwe tena kwa siku saba au nane. Mnyama aliyezoea mlango mmoja hurudi kuujaribu, na akiukuta umefungwa huzunguka banda zima akitafuta mwingine.